Pumzi Inapopigia Kelele Mlangoni

Niliisikia sauti hiyo kwa miezi kadhaa kabla sijajua inatoka sehemu gani ya mwili. Binti mmoja ninayemfundisha mbio za mita 800, katika shule ya sekondari iliyo nje kidogo ya mji wa Jinja, alikuwa akiingia kona ya mwisho ya uwanja wetu wa nyasi, na kila alipovuta pumzi ulisikika mlio mwembamba na mkali, kama wa mlango wa bati unaokwaruza saruji. Akitoa pumzi, mlio haupo. Akivuta tena, unarudi, na kila hatua unazidi. Alipovuka mstari alipiga magoti, akaishika shingo yake kwa mikono miwili, macho yamemtoka kwa hofu.

Nilimkimbilia nikamwambia jambo ambalo kila mwalimu wa michezo niliyepata kumfahamu angemwambia: "Vuta pumzi kwa nguvu! Jaza kifua!" Lilikuwa kosa, na ninaandika makala haya kwa sababu ya kosa hilo.

Baada ya dakika tatu au nne mlio ulikuwa umekwisha. Binti aliomba maji, akaketi kivulini, na mtu ambaye angefika wakati huo asingeamini kwamba alikuwa amekaribia kuzirai. Hali hii ilijirudia kila alipokimbia kwa kasi yake yote. Katika kliniki moja alipimwa akiwa ametulia, akaambiwa ana pumu, akapewa pampu ya kuvuta dawa kabla ya mazoezi. Aliitumia kwa uaminifu mihula miwili mizima bila nafuu yoyote. Watu wakaanza kusema kwamba ni woga, kwamba msichana huyu anajua atashindwa ndiyo maana anatafuta sababu. Nakiri kwamba nami, ingawa sikulitamka neno hilo, nilianza kuliamini, na kwa muda fulani nikamwondoa katika kikosi cha kupokezana vijiti.

Mama yake ndiye aliyekataa kuridhika. Alikusanya nauli, wakaenda Kampala kwa daktari wa masikio, pua na koo, nami nikawasindikiza kwa kuwa ndiye niliyeshuhudia mengi. Daktari alikuwa mtu mzima, mpole, asiye na haraka. Alimgeukia binti akamuuliza: "Mwanangu, ule mlio unakuja pumzi ikiingia au ikitoka?" Binti akajibu bila kusita, "Ikiingia." Akaulizwa tena: "Na ukishikwa, unabanwa hapa kifuani au hapa juu?" Akagusa shingo, chini tu ya kidevu. "Na ukisimama?" "Inaondoka, daktari." Tangu shida ianze hakuna aliyekuwa amemuuliza maswali hayo matatu, na majibu yake yalikuwa wazi kabisa.

Alichotueleza siku ile kilinifanya nitafute kusoma kila nilichoweza kupata kuhusu zoloto. Wengi wetu tunalijua kama kisanduku cha sauti, au kwa ile sehemu yake inayojitokeza shingoni mwa wanaume, kongomeo. Shuleni tulifundishwa kwamba ni kiungo cha kusemea. Hiyo ni kazi yake inayosikika, lakini kazi yake ya kwanza ni kuwa mlango. Linakaa juu ya bomba la hewa, mahali njia ya chakula na njia ya pumzi zinapoachana, nalo huamua kinachoruhusiwa kupita kwenda mapafuni. Limejengwa kwa vipande tisa vya gegedu vilivyounganishwa kwa kano na misuli midogo, na katikati yake zimetandazwa nyuzi mbili za sauti. Uwazi ulio kati ya nyuzi hizo huitwa glota. Tunapomeza, nyuzi hukutana na kifuniko kilicho juu yake, epiglotisi, hulala ili tonge lisipotee njia. Tunaposema, nyuzi hukaribiana na kutetemeka. Tunapovuta pumzi, huachana.

Jambo lililonishangaza ni jinsi kazi hizo zilivyogawanywa miongoni mwa misuli. Misuli inayozikutanisha nyuzi za sauti ni kadhaa, ila inayozitenganisha ni jozi moja tu, iliyo nyuma ya zoloto. Jozi hiyo ndogo hufanya kazi usiku na mchana, na ina utaratibu wa ajabu: huanza kuufungua mlango kitambo kidogo kabla ya kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, kushuka na kuvuta hewa, kama mtu wa nyumbani anayesikia hodi kabla mgeni hajaigonga. Tukiwa tumepumzika, nyuzi hufunguka tunapovuta pumzi na kusogeleana kidogo tunapoitoa, na kule kusogeleana huipunguza kasi hewa inayotoka isiyaache mapafu ghafla. Mtu anapoanza kukimbia, breki hiyo huondolewa. Nyuzi hukaa mbali zaidi wakati wa kuvuta, na hazirudi sana katikati wakati wa kutoa. Zoloto lenye afya katika mazoezi makali huwa wazi karibu muda wote.

Na halina budi kuwa wazi, kwa kuwa mzigo unaolipitia ni mkubwa mno. Mtu mzima aliyekaa kimya huvuta takriban lita 6 za hewa kwa dakika, ambazo hazifiki hata theluthi moja ya jerikeni ile ya manjano tunayochotea maji. Anapokimbia kwa nguvu zake zote, mkimbiaji aliyezoea mazoezi huvuka lita 100 kwa dakika, yaani jerikeni tano. Kijana wetu wa Kapchorwa, Joshua Cheptegei, alipoweka rekodi ya dunia ya mita 5,000 mjini Monaco tarehe 14 Agosti 2020, alitumia dakika 12 na sekunde 35.36. Tukimkadiria lita 100 tu kwa dakika, hewa iliyoingia kifuani mwake katika mbio hizo ni zaidi ya lita 1,200, sawa na jerikeni 60, na yote ilipita katika mwanya usiozidi upana wa kidole gumba. Huwa nawaambia wanafunzi wangu wazipange hizo jerikeni 60 akilini mwao, halafu waguse shingo zao.

Sasa fikiria mwanya huo ukipungua. Katika bomba ambamo hewa inapita kwa utulivu, kipenyo kikipungua kikawa nusu, ukinzani huongezeka mara 16, na hewa inayokimbia kwa fujo hupata shida kubwa zaidi ya hiyo. Tena kuna sheria nyingine ya maumbile inayofanya kazi dhidi ya mkimbiaji. Hewa inapoongeza kasi mahali pembamba, msukumo wake juu ya kuta za mahali hapo hupungua, na kuta zikiwa laini huvutwa ndani. Anayetembea kandokando ya barabara ya Jinja anaifahamu hali inayofanana na hiyo: lori la miwa likipita karibu kwa kasi, shuka au leso yako huvutwa kuelekea lori. Juu ya nyuzi za sauti kuna mikunjo laini ya nyama inayotoka kwenye epiglotisi hadi kwenye gegedu za nyuma. Kwa baadhi ya watu mikunjo hiyo huvutwa ndani na pumzi yenyewe wakati wa mazoezi makali, na kwa wengine nyuzi za sauti hukaribiana wakati zilipotakiwa kuachana, na mara nyingi hali ya kwanza huikaribisha ya pili. Hapo ndipo mlio unapozaliwa. Kadiri mtu anavyovuta kwa nguvu ndivyo kuta zinavyozidi kuingia ndani, na ndiyo maana agizo langu la "vuta kwa nguvu" lilikuwa ni kumsukuma binti yule palepale alipokuwa akizama.

Hali hii madaktari wanaiita kizuizi cha zoloto kinachosababishwa na mazoezi. Kwa miaka mingi kilikuwa na majina mengi yasiyopatana, hata mwaka 2015 vyama vya wataalamu wa Ulaya na Marekani vilipotoa makubaliano ya kutumia jina moja. Si jambo adimu kama nilivyodhani. Katika utafiti wa Copenhagen uliochapishwa mwaka 2011, vijana wa miaka 14 hadi 24 walionekana kuwa nacho kwa asilimia 7.5, na katika mji wa Uppsala nchini Sweden, utafiti wa mwaka 2015 miongoni mwa wanafunzi wa umri wa kubalehe ulipata asilimia 5.7. Wasichana hutajwa zaidi ya wavulana katika taarifa nyingi, na sababu moja inayotolewa ni kwamba wakati wa kubalehe zoloto la mvulana hukua sana, ilhali la msichana hukua kwa kiasi kidogo na kubaki na mlango mwembamba. Mimi ninaposoma takwimu hizo ninawafikiria wasichana wote niliowahi kuwaona wakijiondoa katika riadha wakiwa na miaka 14 au 15, tukasema tu kwamba wamekua, wameanza mambo ya utu uzima.

Tofauti na pumu inahitaji kuelezwa taratibu, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapopotezwa. Pumu hubana njia ndogo ndogo za hewa zilizo ndani kabisa ya mapafu, hivyo taabu yake kubwa ni kuitoa pumzi, na mlio wake wa filimbi husikika zaidi hewa inapotoka. Pumu inayoamshwa na mazoezi mara nyingi hukolea dakika kadhaa baada ya mtu kusimama, na inaweza kuchukua nusu saa au zaidi kutulia isipotibiwa. Kizuizi cha zoloto hufika kileleni juhudi inapofika kileleni, husikika pumzi inapoingia, hubana shingoni, na huanza kulegea mara tu mtu anapopunguza mwendo. Dawa ya pampu hulegeza misuli ya njia za mapafu. Haina uwezo juu ya mlango ulio shingoni. Hata hivyo mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili, kwa hiyo daktari alimwonya mama asiitupe pampu mpaka kipimo cha kupuliza kifanyike. Akaongeza onyo jingine ambalo nami ninalirudia kwa uzito uleule: mlio wa kuvuta pumzi unaomjia mtu akiwa amepumzika, au unaoandamana na homa, uvimbe wa midomo au kushindwa kumeza, haungojwi upite, mtu hupelekwa hospitali saa hiyohiyo.

Daktari alipitisha kamera nyembamba puani mwa binti na kulitazama zoloto. Lilikuwa zima, zuri, nyuzi zikifunguka na kufunga kama inavyotakiwa. Mama alikata tamaa usoni, lakini daktari alisema hilo ndilo alilolitarajia, kwa sababu mlango huu hukosea wakati wa kazi tu. Akamtuma binti apande ngazi za jengo kwa kasi, juu na chini, nami nikimfuata na simu, hadi mlio uliposikika na nikaurekodi. Alisikiliza ile video mara mbili akiwa ameweka simu sikioni.

Kulitazama zoloto likiwa kazini kuna historia ninayoipenda. Mtu aliyefanikiwa kuliona zoloto hai waziwazi na kueleza kazi yake hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu wa kuimba, Mhispania aliyeitwa Manuel García, ambaye mwaka 1854 alitumia kioo kidogo chenye mpini na mwanga wa jua kutazama nyuzi zake mwenyewe, akawasilisha aliyoyaona kwa wanasayansi wa London mwaka uliofuata. Karne moja na nusu ilipita kabla ya watafiti wa mji wa Bergen nchini Norway, mwaka 2006, kuchapisha namna ya kumfunga mkimbiaji kamera ya zoloto kichwani na kumrekodi mfululizo akiwa anakimbia kwenye mashine, tangu mwendo wa polepole hadi anaposhindwa. Kabla yao, madaktari wa farasi walikuwa wakifanya hivyo kwa farasi wa mashindano, kwani farasi wengi hunguruma wanapokimbia kwa sababu neva ya upande wa kushoto wa zoloto imedhoofika. Farasi walisikilizwa mapema kuliko wasichana, na jambo hilo linaniuma.

Nilipokuwa nikiyasoma haya, nilijikuta nikirudi mara nyingi katika utoto wangu. Nilizaliwa katika kambi ya polisi. Baba yangu alikuwa askari, na kwetu kambini Kiswahili ndicho kilichotuunganisha sisi watoto wa Waganda, Waacholi, Waiteso, Walugbara na Wasebei, miaka mingi kabla ya serikali kukitangaza shuleni. Alfajiri tuliamshwa na mchakamchaka. Baba alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakiongoza nyimbo, na sauti yake iliwahi kufika madirishani kabla ya vishindo vya buti.

Kuimba huku unakimbia ni kulipa zoloto kazi mbili zinazogombana. Ili sauti itoke, nyuzi lazima zikutane. Ili miguu ipate hewa, lazima ziachane. Mwimbaji huvuta pumzi moja ya haraka, kisha huitoa kidogo kidogo kwa muda mrefu, na wakati huo wote mapafu yanangoja. Ndiyo sababu uwezo wa kusema ni kipimo kizuri cha mazoezi: mtu anayeweza kusema sentensi nzima bado yumo katika mwendo anaoumudu, na anapoanza kukata maneno ameukaribia ukingo ambapo mwili unadai hewa yote na kumnyima maongezi. Nami sasa ninaona hekima katika umbo la mchakamchaka. Kiongozi anapoita, kikosi kizima kinapumua. Kikosi kinapoitikia, kiongozi anapumua. Hakuna zoloto linalodaiwa kufunga na kufungua kwa wakati mmoja. Mzee wangu, alipokuwa bado hai, nilimuuliza mara moja alijuaje wakati wa kupunguza mwendo. Alinijibu: "Mwitikio ukiwa mfupi, mwanangu, wamechoka. Sikugeuka kuwatazama, niliwasikiliza." Sidhani alikuwa amewahi kulisikia neno zoloto, lakini alikuwa akilipima kila alfajiri.

Kuna mazoezi mengine ambayo zoloto hutakiwa kufunga kabisa. Mpagazi wa Kikuubo, ule mtaa wa biashara jijini Kampala, anayejitwika gunia, au mama anayeinua jerikeni iliyojaa hadi kichwani, hufunga pumzi kwanza. Nyuzi za sauti na mikunjo iliyo juu yake hukaza, hewa hunaswa kifuani, na kiwiliwili kinakuwa kigumu kama nguzo ya kuegemeza mzigo. Mguno tunaousikia mzigo ukishafika ni mlango unapofunguliwa. Mtu aliyetobolewa shingo ili apumulie hapo hupata taabu kunyanyua vitu vizito, ingawa mikono yake haina kasoro, kwa kuwa hewa yake haifungiki.

Narudi kwa binti. Hakuhitaji dawa wala kisu. Upasuaji wa kupunguza ile mikunjo upo, nao hufanywa kwa wachache walio na hali kali. Alihitaji kujifunza. Tulianza akiwa amelala chali, mkono tumboni, ulimi umelegea, taya limelegea, mabega hayapandi. Alifundishwa kutoa pumzi kwa midomo iliyokazwa kidogo, "fff", kisha kuiacha inayofuata iingie yenyewe bila kuipora. Halafu akafundishwa namna ya kuvuta pumzi kwa kuanza na kizuizi kidogo, meno ya juu yakigusa mdomo wa chini, na kuachia ghafla mdomo wazi katikati ya mvuto. Mbinu ya aina hiyo imechunguzwa na kamera wakati wa mazoezi makali, na kwa baadhi ya wagonjwa zoloto lilionekana likifunguka. Ni kazi ya kuchosha. Alifanya akitembea, kisha akafanya akikimbia polepole kwenye barabara ya vumbi kati ya mashamba ya miwa, na malori yakipita tulisimama hadi vumbi litue, maana vumbi nalo hulikera koo. Zilipita wiki nyingi kabla ya kulijaribu hilo kwa kasi ya mashindano.

Kilichomsaidia zaidi, kwa maelezo yake mwenyewe, ni kujua kwamba mlio ule hautamuua. Hofu ilikuwa ikimkaza shingo kabla ya kona kufika. Alipojua kwamba akipunguza mwendo mlango utafunguka, alikoma kuungoja kwa woga.

Katika mashindano ya wilaya ya muhula uliopita nilisimama kwenye ile kona ya mwisho, si kwenye mstari wa kumalizia, kwa kuwa nilitaka kusikia. Walikuja wasichana wanane wakiwa wamebanana. Zilipobaki mita kama 150 niliona amelegeza mabega, akapunguza hatua tatu au nne, wenzake wawili wakampita, kisha mdomo wake ukafanya lile umbo tulilolizoea. Alimaliza wa nne. Nilipomfikia alikuwa amesimama wima, mikono kiunoni, jasho linamtiririka, na kabla sijasema neno aliniuliza: "Mwalimu, umeusikia?"

Nilimjibu kwamba niliusikia mara moja tu, pale alipolegeza, na baadaye sikusikia kitu isipokuwa miguu.

"Ulikuja mara mbili," akasema. "Wa pili niliuzuia."